Shughuli za mikono za sikukuu kwa watoto wa darasa la awali: tuanze na vitu vilivyopo Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu_wa_Awali (Mbeya), mleta uzi

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote.

Kila ifikapo mwishoni mwa mwaka, kwenye makundi ya walimu na ya wazazi husambazwa picha zile zile: mtu wa theluji aliyetengenezwa kwa pamba, paa mwenye pua nyekundu, soksi kubwa ya zawadi. Mwalimu anazichapisha, anazikata mwenyewe usiku, anazibandika mwenyewe, halafu mtoto anaitwa agusishe kidole kwenye gundi ili apigwe picha. Sina ugomvi na pamba. Ninachopinga ni kwamba mtoto wa Uyole au Mbalizi, ambaye Krismasi yake ni mvua, matope, mahindi machanga shambani na kuku anayekimbizwa uani, anafundishwa sikukuu ambayo hajapata kuiona, na hata humo hakuna kazi yoyote aliyoifanya.

Hoja yangu ni kwamba shughuli ya sikukuu kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5 ina maana pale tu mikono inayofanya kazi inapokuwa yake, na vitu anavyoshika vinapokuwa vile vinavyoonekana nyumbani kwao wakati wa sikukuu hiyo. Kikitoka kitu kilichopinda, kimepinda kwa mkono wake, na hicho ndicho tunachokitaka.

Nianze na Krismasi. Kwetu mvua huanza Novemba, kwa hiyo wakati shule zinapokaribia kufungwa wazazi wengi wako shambani. Mpe kila mtoto kopo lililotobolewa chini, udongo, punje mbili za mahindi na mbegu mbili za maharage. Ajaze udongo mwenyewe, achimbe kishimo kwa kidole, afukie, kisha amwagilie kwa chupa ambayo kifuniko chake kimetobolewa matundu madogo. Baada ya wiki moja hivi, au zaidi kwa wenzetu wa Makete na Njombe ambako baridi huchelewesha, maharage yatatoka yakiwa yamebeba mbegu yenyewe juu, imepasuka vipande viwili, ilhali mahindi yatachomoza jani moja lililojiviringa na punje itabaki chini ya udongo. Tofauti hiyo usimwambie. Mwulize mbegu yake ya mahindi imekwenda wapi, halafu mwache achimbue moja aone. Ndiyo sababu nimetaja punje mbili: moja ni ya kuchimbuliwa. Siku ya kufunga shule, kopo linakwenda nyumbani likiwa zawadi ya Krismasi kwa mama au bibi, na bibi yeyote wa huku atajua la kufanya na mche wa maharage.

Shughuli ya pili ni mapambo ya unga wa chumvi. Vipimo ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na kikombe 1 cha maji, lakini maji yamiminwe kidogo kidogo, kwa kuwa unga hautofautiani tu kwa jina la mfuko bali hata kwa hali ya hewa ya siku hiyo. Mtoto apime mwenyewe huku akihesabu kwa sauti, akande mpaka donge liache kushika vidole, alisukume kwa chupa, kisha akate maumbo kwa kifuniko au kwa kipande cha kopo kisicho na makali. Nyota ni ngumu kwa mtoto wa miaka 3. Duara linatosha, na tundu la kupitishia uzi litobolewe kwa kijiti kabla pambo halijakauka. Ukitaka rangi, bizari ya manjano hutoa njano nzuri na maji ya bitiruti hutoa wekundu.

Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. Desemba jua letu si la kutegemea, hivyo mapambo yakaushwe juu ya sinia karibu na jiko kwa siku kadhaa, yakigeuzwa mara kwa mara. Jiko hilo, kama ni la mkaa, lisiwekwe katika chumba kilichofungwa kwa kisingizio cha baridi, kwa sababu hewa yake inaua bila kutoa harufu. Na unga huo una chumvi nyingi mno, hivyo mtoto asiachwe aule.

Karibuni tuongezee.

MamaWawili_Kihesa

Mwalimu, nashukuru kwa uzi huu. Mimi ni mzazi hapa Iringa mjini. Shule anayosoma mwanangu mkubwa, ambayo sitaitaja, hutudai mchango wa mapambo kila mwaka, na kadi anayoleta nyumbani huwa imekatwa vizuri kuliko ninavyoweza kukata mimi. Nilipomuuliza ni nini kimechorwa pale, alijibu kwamba ni ya mwalimu. Lakini nasi wazazi tuambizane ukweli, kwani mtoto akileta kitu kilichopinda tunauliza kwa sauti ya kulaumu, na mwalimu naye anatusikia. Anakata mwenyewe kwa sababu anatuogopa.

Swali langu ni la nyumbani. Ninao wawili, mmoja ana miaka 3 na mwingine miaka 5. Wiki ya sikukuu mimi mwenyewe niko jikoni kuanzia asubuhi. Nitapata wapi muda wa kukaa nao mezani na unga wa chumvi?

Mwalimu_wa_Awali (Mbeya)

Dada, usikae nao mezani. Waite huko huko jikoni, mbali kidogo na moto.

Chukua mfano wa njegere za pilau. Kumenya njegere ni zoezi la vidole ambalo halina mfano wake dukani: mtoto anabana ganda kwa kidole gumba na cha shahada, anatafuta mshono, anafungua, anasukuma punje moja moja zidondoke kwenye bakuli. Misuli ile ile ndiyo atakayoitumia kushika penseli. Huyo wa miaka 5 mwambie ahesabu punje za kila ganda na akuambie ni lipi lililobeba nyingi. Huyo wa miaka 3 mpe ganda lililokwisha kupasuliwa kidogo, na umweke mbele ya macho yako, kwa sababu watoto wa umri huo husukuma njegere na maharage puani, na safari ya hospitali siku ya sikukuu hakuna anayeitaka.

Mchele nao, uwe wa Kyela au wa Mbarali, utandazwe kwenye ungo wachambue mawe na chuya. Viazi vipangwe kuanzia kidogo hadi kikubwa. Wakati wa kuandaa chakula, mkubwa aambiwe majina ya watu watakaokula, apeleke sahani moja kwa kila jina, kisha aangalie kama sahani zimebaki au zimepungua. Hiyo ni hesabu halisi, maana akikosea kuna mjomba atakaa bila sahani na yeye mwenyewe atamwona.

Mkulima_wa_Misindano (Mafinga)

Salaam. Mimi si mwalimu, ni mtu wa miti. Huku Mufindi, pembeni mwa Shamba la Miti la Sao Hill, yale matunda makavu ya misindano yametapakaa kila mahali na watu huyaokota kuwashia moto. Wanangu huyatumia kama mapambo, lakini kuna jambo moja la kuonyesha watoto ambalo naona halijulikani sana.

Chukua tunda lililokwisha kukauka na kufunguka magamba yake. Liloweke katika bakuli la maji na liache. Baada ya muda magamba yanajifunga, tunda linakuwa dogo na gumu. Litoe, liweke sehemu yenye joto kavu, na litafunguka tena. Mti hufanya hivyo kwa sababu mbegu zake zina mbawa nyembamba na huruka mbali wakati wa hewa kavu, si wakati wa mvua. Watoto hulirudia jaribio hilo hadi maji yanageuka rangi ya chai, na kila mara wanashangaa upya. Weka moja ndani ya maji na jingine nje, sawa kwa ukubwa, ili wawe na la kulinganisha. Baadaye yakikauka yafungwe uzi yaning'inizwe kwenye tawi la msindano, ndiyo mti wenu wa Krismasi.

Babu_wa_Tukuyu

Nimesoma yote kwa utulivu. Watoto wangu, mnanichekesha kidogo. Sisi tulifuma mipira kwa nyuzi za migomba, tukachonga magari ya mti yenye magurudumu, tukafinyanga ng'ombe wa udongo mtoni, wala hapakuwa na mtu aliyeita hayo shughuli za kujifunzia. Mtoto akimenya njegere anamsaidia mama yake, basi. Kwa nini kila kitu lazima kipewe jina na kusimamiwa? Mkisimamia sana, mtawaharibia mchezo wao.

Nikiwa nimekwisha kulalamika, nitoe mchango. Kama mnataka udongo mzuri wa kufinyanga, waulizeni watu wa Ziwa Nyasa. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, wamefinyanga vyungu tangu zamani, na vyungu vyao vinauzwa hadi huku milimani. Udongo wa mfinyanzi mkiupata, mpeni mtoto donge linalotosha kiganja chake na mumwache. Asiambiwe atengeneze nini.

Mwalimu_wa_Awali (Mbeya)

Shikamoo, babu. Kuhusu kumwacha mtoto na donge lake, nakubaliana nawe moja kwa moja, na ningeomba walimu wenzangu walisome hilo mara mbili. Ila mtoto wa leo mjini hana mto wa kuchezea wala migomba nyuma ya nyumba, na mara nyingi hana hata kaka mkubwa wa kumwonyesha, kwa hiyo lazima mtu mzima amletee donge. Zaidi ya kuleta, kazi ya mtu mzima ni swali moja kwa wakati wake: "Huyu ng'ombe wako mbona haanguki?" Akishajibu, ondoka.

Ukhty_Iringa

Assalaam alaykum, na habari za wote. Uzi ni mzuri, lakini umeelemea Krismasi tu, na madarasani kwetu watoto wa dini zote wanakaa kwenye mkeka mmoja.

Kwa Idd el-Fitr, shughuli ninayoipenda ni ya mwezi. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, ndiyo maana Idd haina tarehe ya kudumu na kila mwaka hutangulia kwa siku 10 au 11 katika kalenda ya ukutani. Mtoto haelewi maelezo hayo, lakini anaweza kuyaona. Kata ukanda wa karatasi ya manila, uchore visanduku 30. Kila jioni, baada ya futari, toka naye nje atazame mbinguni, kisha achore alichokiona katika kisanduku cha siku hiyo. Siku za mwanzo atachora kipande chembamba, kila siku kitanenepa, na katikati ya Ramadhani atachora duara. Siku yenye mawingu achore mawingu, asibuni mwezi ambao hakuuona. Hilo la kutobuni nalisisitiza sana.

Baada ya hapo wazazi wengi hukwama, kwa sababu mwezi huchelewa kuchomoza na mtoto amekwisha kulala. Suluhisho ni kuuangalia asubuhi anapokwenda shule, kwa siku chache zinazofuata mwezi mpevu, atauona umefifia upande wa magharibi. Watoto wengi hufikiri mwezi ni wa usiku tu, na sura zao wanapouona asubuhi ni jambo la kuona wenyewe. Siku za mwisho kabisa atakayeuona ni yule tu anayeamka alfajiri.

Jingine ni hina. Mtoto aweke kiganja juu ya karatasi, afuate vidole kwa penseli, kisha ajaze ndani ya mkono huo maua na nukta kwa kijiti kilichochovywa kwenye hina iliyokorogwa. Kuzunguka kidole kimoja kimoja bila kuinua penseli kunahitaji utulivu ambao kwa mtoto wa miaka 4 ni kazi kubwa. Na siku yenyewe ya Idd, awe mgawaji: sahani za majirani zipangwe, kila sahani iwekewe kaimati tano, vileja vitatu. Nasi huwa tunapeleka kwa majirani wetu wa Kikristo kwanza, kwa kuwa wao hawana kwao.

Ticha_Njombe

Wenzangu, mnaandika kana kwamba kila mtu ana watoto wawili. Mwongozo unasema mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25, ila sisi tunaojua madarasa yetu tunajua. Nikileta unga wa ngano kwa watoto wote hao, kwa fedha ya nani? Na mkasi ni mmoja.

Mwalimu_wa_Awali (Mbeya)

Ticha, hapo umegusa penyewe. Usifanye darasa zima kwa wakati mmoja. Tumia kona za kujifunzia: kikundi kimoja kwenye udongo, kingine kinachambua mbegu, kingine kinachora, kingine kinaimba nje na msaidizi au mzazi wa zamu, na kila kikundi kinahama siku inayofuata. Unga waweza kuwa wa kikundi kimoja tu kwa siku. Na pale ambapo mkasi ni mmoja, watoto wachane karatasi kwa vidole. Kuchana ukanda ulionyooka ni kugumu kuliko kukata, na kwa vidole vya umri huo ni bora zaidi.

Kuchana kunafaa hasa kwa Sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, ikiwa mtawaanzia watoto kabla hawajafunga shule. Chora bendera ya taifa kwa mistari mikubwa kwenye boksi lililofunguliwa. Kijani cha juu upande wa mlingoti kijazwe vipande vya majani mabichi, maana kijani ni ardhi na uoto wake. Ukanda mweusi wa katikati, ambao ni watu, ujazwe vipande vya karatasi vilivyosuguliwa mkaa. Mistari ya njano, ambayo ni madini, ipangwe punje za mahindi ya njano, na bluu ya maji ijazwe vipande vya kitambaa. Watoto wanne wanatosha kwa boksi moja. Mkubwa mmoja akiuliza kuhusu bendera ya mwaka 1961, mwambie ile ya Tanganyika haikuwa na bluu. Bluu imetoka Zanzibar baada ya Muungano wa 1964.

Na kwa Muungano, tarehe 26 Aprili, hamhitaji kununua chochote. Wengi wetu tumeona picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Mtoto alete udongo kidogo kutoka kwao. Huku kwetu zipo rangi za kutosha, mwekundu wa Iringa na mweusi wa Rungwe uliotokana na volkano. Mimineni aina mbili katika chupa inayoonyesha ndani, ongezeni maji, fungeni vizuri, kila mtoto atikise. Kisha chupa iwekwe dirishani isiguswe. Mchanga hutua mara moja, ila maji hubaki na tope hadi kesho yake kwa sababu chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na hushuka polepole. Waulizeni kama mtu anaweza sasa kuutenganisha udongo wa Juma na wa Neema. Watajaribu kwa kijiko, nanyi waacheni wajaribu.

MamaWawili_Kihesa

Na Nane Nane je? Sisi tutawapeleka Mbeya kwa ndugu zetu, na mwaka wa nyuma walirudi na puto tu.

Mwalimu_wa_Awali (Mbeya)

Viwanja vya John Mwakangale ni vikubwa na mtoto wa miaka 4 huchoka upesi. Chagueni mabanda mawili tu, moja la mifugo na moja la mazao, mkae hapo. Mpe kazi ya kutafuta: mbegu ndogo kuliko zote, mnyama mwenye miguu miwili. Mkirudi nyumbani mfanye soko. Viazi, vitunguu na parachichi vipangwe mafungu kama wanavyofanya akina mama sokoni, vitano vitano, vizibo vya soda viwe fedha, na muuzaji awe mtoto. Wewe uwe mteja msumbufu: omba upunguziwe bei, omba nyongeza, lalamika kwamba fungu lako lina viazi vinne. Atahesabu upya mbele yako ili akushinde.

Ticha_Njombe

Nimekuelewa, na kona nitazijaribu. Swali la mwisho, gundi. Ya dukani inakwisha siku moja.

Mwalimu_wa_Awali (Mbeya)

Koroga vijiko vikubwa vitatu vya unga wa ngano katika maji baridi ya kikombe kimoja mpaka mabonge yaishe, ndipo uweke motoni, ukikoroga bila kuacha hadi uji uwe mzito na uanze kung'aa. Unga wa muhogo nao unafaa na hushika vizuri zaidi. Ipoe kabisa kabla ya kuwapa watoto, waipake kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Kwa baridi ya Njombe itakaa siku mbili au tatu, nawe ukisikia imeanza kuchacha, itupe upike nyingine.